Ukija Longech Kujitolea, Uje na Karo



Tangu niweke ile picha ya mashua ikivuka ghuba jioni, simu yangu haijapumzika. Nusu ya jumbe ni vijana wa Nairobi na Kisumu wanauliza nauli. Nusu nyingine ni wageni wa nje, wengi wao rika langu, na wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: nataka kuja na begi langu mgongoni, nikae na vijana wa huko wiki tatu hivi, nijitolee. Ujitolee kufanya nini? Hapo huwa hawasemi. Mmoja tu alijaribu, akaandika "chochote".

Nimejibu wachache nikachoka, kwa hivyo wacha nijibu wote hapa mara moja. Na najua nitawakera watu wa pande zote mbili, pamoja na wasee wa kwetu ambao wageni ndio unga wao. Jibu langu ni: njoo, lakini usije kutufundisha. Njoo kama mwanafunzi, na ulipe karo. Usiilipe kwa kampuni iliyokaa London au Nairobi. Mpe mkononi yule atakayekufundisha.

Naongea mambo ya karo nikiwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Kwa hivyo msidhani nacheza na hilo neno.

Kwa wasiojua, Longech ni ulimi wa mchanga ulioingia Ziwa Turkana, ng'ambo ya Kalokol. Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni kama kilomita 60, halafu unavuka Ghuba ya Ferguson kwa mashua. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 lilikula mikoma, likala na nyumba, watu wakahama na kuhama tena. Hapa hakuna mashamba. Kuna samaki, mbuzi wachache, jua na upepo. Ni mbali vya kutosha hivi kwamba mtu wa Turkana akipanda basi la Kitale bado anasema anaenda Kenya.

Sasa nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka 19, nimerudi nyumbani, sina kazi. Kikaja kikundi cha wageni kama kumi na wawili, vijana wazuri tu, wameletwa na kampuni ambayo sitaitaja. Walikuwa na ratiba iliyochapishwa kwa rangi: Jumatatu shule, Jumanne michezo na watoto, Jumatano kusafisha ufuo. Mimi nikachukuliwa kuwa mkalimani. Malipo yangu yalikuwa tisheti, chakula cha mchana, na barua ya kuonyesha kwamba nimejitolea.

Jumatano tukasafisha ufuo. Tuliokota kila kitu kinachofanana na takataka: chupa za plastiki, mitungi iliyokatwa, na vipande vya ndara, ndara nyingi sana. Tukajaza magunia, tukawasha moto. Video yangu ya siku hiyo ilitoka tamu, moshi unapanda, watoto wanaruka, muziki chini yake. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kuweka.

Zile ndara zilikuwa maboya ya watu.

Mvuvi wa huku haendi dukani kununua boya. Anachukua ndara iliyokufa, anaikata vipande, anatoboa, anafunga kwenye kamba ya juu ya wavu ili wavu usimame majini. Chupa ndiyo alama ya mahali alipotega. Vitu vyao vilikuwa vimerundikwa karibu na mashua kwa sababu nyavu zilikuwa zinashonwa. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Je, sikujua? Hilo ndilo swali linaloniuma hadi leo. Nadhani nilipoona rundo la kwanza nilijua. Halafu nikaona wageni wamechangamka, kamera iko tayari, na sikutaka kuwa mtu wa kuharibu siku. Nikaita takataka kile ambacho mgeni alikiita takataka.

Wenye nyavu hawakupiga kelele. Mgeni hagombezwi. Walingoja wakaondoka, ndipo mwenyekiti wa BMU akaniita mbele ya wazee.

"Kijana, walipokuuliza hivi ni vitu gani, uliwaambia nini?"

"Hawakuniuliza, mzee."

"Na wewe walikuwa wanakulipa ufanye nini hapo?"

"Sikuwa nalipwa, mzee. Nilikuwa najitolea."

Wazee walicheka mpaka nikatamani mchanga unimeze. Nyavu nne zilikaa nchi kavu karibu wiki nzima, na wenyewe hawakucheka wiki hiyo.

Nimeifikiria hiyo siku mara nyingi. Kama ningekuwa nimeajiriwa kama mkalimani kwa pesa, ningekuwa na kazi yenye jina, na sehemu ya kazi hiyo ni kusema "simameni, msichome". Lakini nilikuwa nimepewa tisheti. Mtu aliyepewa tisheti hana cheo cha kumsimamisha mtu. Wao nao walikuwa wamelipa pesa nyingi kwa kampuni ili waje kusaidia, na mtu aliyelipa ili asaidie hataki kuambiwa kwamba hapa hakuna cha kusaidia. Sisi wote hapo ufuoni tulikuwa tunafanya kazi ambayo hakuna aliyeiomba na hakuna wa kuulizwa.

Na si wao wa kwanza. Ukishuka Kalokol, uliza uonyeshwe kiwanda cha samaki. Kilijengwa na Norway, kupitia shirika lao la NORAD, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hesabu yao ilikuwa safi kwenye karatasi: Mturkana ni mfugaji, ukame unammalizia mifugo, na pale kuna ziwa limejaa samaki, basi afanywe mvuvi, samaki wagandishwe, wasafirishwe mbali. Lakini kugandisha samaki kwenye joto la Kalokol, na umeme na maji safi yanayotakiwa, kulikula pesa kuliko samaki wenyewe walivyoleta. Halafu katikati ya miaka hiyo ya 1980 ghuba ikakauka. Ghuba hii hii ninayoipigia picha za machweo, wazee wetu waliivuka kwa miguu. Mwaka 1990 Kenya na Norway wakakosana kisiasa, ubalozi ukafungwa, Wanorway wakaenda. Jengo likaishia kuwa stoo ya samaki wakavu.

Nikiwa mkweli, Wanorway hao hao ndio waliogharamia barabara ya Kitale hadi Lodwar, na barabara hiyo ndiyo iliyopitisha samaki wetu wakavu kufika Busia na kuvuka hadi Kongo. Kwa hivyo sisemi msaada wote ni upuuzi. Nasema tu angalia kilichobaki. Friji zilikufa. Kisu, chumvi na jua vipo mpaka leo, na waliokuwa wanajua kuvitumia ni kina mama ambao sidhani kuna mtu aliyewahi kuwaita walimu.

Hapo ndipo anaingia msichana wa Ulaya. Sitaji jina wala nchi, hajaniruhusu.

Alikuja peke yake, Agosti, miaka miwili iliyopita, begi kubwa kuliko yeye. Alitaka kufundisha Kiingereza. Shule zimefungwa. Sikuwa na la kumpa, nikampeleka kwa mama mmoja jirani yetu anayekausha samaki, nikijua atapiga picha mbili tatu, aseme asante, aende Eliye Springs kuogelea kama wengine. Lakini akakaa chini kwenye mchanga akaomba kisu.

Huyo mama samaki wake huwa anampasua mgongoni, si tumboni. Anaanza nyuma ya kichwa anateremka na kisu hadi mkiani, bila kugusa ngozi ya tumbo, samaki anafunguka kama daftari. Anatoa matumbo, anaosha, anapaka chumvi, anaanika. Ukiangalia unaona ni rahisi. Ukikata ovyo nyama inabaki nene upande mmoja, haikauki, inzi wanataga, na kabla ya mwenye kununua kufika umeshapata funza. Siku ya kwanza mgeni wetu aliharibu samaki saba. Najua ni saba kwa sababu mama aliwahesabu.

Jioni mama akaniambia, "Mwambie rafiki yako samaki saba ni pesa. Na mimi leo nimepasua nusu ya kawaida yangu kwa sababu nilikuwa namwangalia mikono asijikate. Kama anataka kujifunza, mia tano kwa siku, na samaki anayeharibu analipa."

Manze, niliona haya. Nikaanza kulainisha kwenye tafsiri. Nikamwambia mgeni kwamba mama anasema ukipenda unaweza kumpa kitu kidogo. Yule msichana akaniangalia, akasema, "Mbona yeye ameongea maneno mengi kuliko hayo?" Nikasalimu amri, nikamwambia yote, hadi ile hesabu ya saba. Akafungua pochi akalipa, tena bila kuonekana amekasirika. Nilivyomwona, alikuwa kama mtu aliyefurahi kwamba hatimaye kuna mtu amemwambia bei ya kitu.

Alilipa kwa siku kumi na nane. Kijijini kukawa na maneno. Ati huyu mama analipwa kwa kukaa chini, ati anauza wageni. Mimi mwenyewe nilikuwa kati ya wanaonong'ona. Siku moja nikajifanya namshauri, nikamwambia mama, watu wanaongea. Hata hakuinua kichwa.

"Yule mwalimu wa chuo ulichoacha, alikuwa anajitolea?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Na sasa mambo ya kuungana na vijana wa huku, ambayo ndiyo mnaniuliza kila siku. Kuunganishwa hakukufanywa na mtu. Wale wa ratiba ya rangi walikuwa na saa nzima ya "kutangamana na vijana", tukakaa kwenye duara tukaambiana majina na ndoto zetu, na leo sikumbuki ndoto ya hata mmoja. Huyu wa kisu alikuwa na kazi, na kazi inaleta watu. Vijana walikuja kwanza kumcheka anavyoshika kisu. Halafu kucheka kukawa kuongea. Mmoja akamwonyesha namna ya kunoa kwenye jiwe. Wakabishana kuhusu mpira, kuhusu mahari, kuhusu kama kweli kwao kuna watu wanalipa pesa kulala hema. Alikosana na msichana mmoja kwa sababu ya picha aliyoipiga bila kuomba, wakanuniana siku mbili, wakapatana. Mimi naona kule kununiana kulifanya kazi kuliko ile duara. Hauwezi kununiwa na mtu ambaye anakuchukulia kama mfadhili.

Alipoondoka hakukuwa na cheti wala wimbo. Mama alimfungia samaki watatu aliopasua yeye mwenyewe, wa siku za mwanzo, wabaya kabisa, ili akawaone kwao. Hadi leo anatuma sauti kwenye simu yangu, namchezea mama, mama anajibu kwa Kiturkana, natafsiri yote bila kulainisha.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: kwa hivyo ukarimu wetu sasa tunauuza? Hapana, jo. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa nyumba ikiwa na wageni anaweza kuitwa Lopeyok, wa kike Napeyok. Tunawapa watoto majina ya ujio wa wageni. Hakuna mtu wa Longech atakutoza kwa chai, kwa kivuli, au kwa ngozi ya kulalia usiku wa kwanza. Lakini siku yangu nzima na mikono yangu ni kitu kingine. Ile siku mama alipasua nusu ya samaki, nusu iliyobaki ilikuwa chakula cha watoto wake, na yeye hakuwa na mfadhili wa kumrudishia.

Kuna jambo lingine ambalo wageni wengi hawalijui, na ningependa wanaoniandikia walisome mara mbili. Neno kujitolea kwenu na kwetu si neno moja. Kwenu ni likizo yenye maana, kitu unachofanya kati ya shule na kazi. Kwetu ni foleni ya kazi. Kijana wa Lodwar aliyemaliza diploma anajitolea kwenye ofisi mwaka mmoja, miwili, anabeba faili, anafagia, ananunulia watu mkate, akiomba Mungu nafasi ikitokea jina lake likumbukwe. Wahudumu wa afya wa kijijini waliitwa watu wa kujitolea miaka na miaka, wanatembea na jua hili nyumba kwa nyumba, mpaka mwaka 2023 serikali ilipowabadilisha jina na kuweka posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ilipwe na kaunti. Na nenda Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar: mkimbizi anayefundisha darasa lililofurika halipwi mshahara, anapewa kile kinachoitwa motisha, na Mkenya wa darasa la pili yake anapata zaidi kwa kazi ile ile.

Sasa chukua huyo kijana wa faili, umweke benchi moja na mgeni aliyelipa zaidi ya dola 1,000 ili aje kukaa kwenye benchi hilo wiki tatu. Waambie wawe marafiki. Inawezekana, nimeona ikiwezekana, lakini si kabla mmoja hajamwambia mwenzake hizo hesabu kwa sauti.

Na msiniambie haiwezekani kumlipa mtu wa kujitolea. Ujerumani wana mpango wa weltwärts, ulianza 2008 kuwatoa vijana wao kwenda nje, na tangu 2013 unachukua pia vijana wa nchi za huku kwenda kujitolea Ujerumani kwa mwaka. Huko unapewa pa kulala, chakula, bima na pesa ya mfukoni. Kwa hivyo Mwafrika akienda kujitolea kwao, wanajua kwamba anakula. Ni sisi wa huku tuliozoea kuamini kwamba mtu wa kujitolea ana tumbo la mbao.

Kuhusu Kakuma yenyewe, kidogo tu, kwa sababu wengi mnaniomba niwapeleke. Siwezi. Kambi haiingiwi kama soko, unahitaji kibali cha idara ya wakimbizi, na ni sawa iwe hivyo. Watu waliokaa pale tangu 1992 wamepigwa picha vya kutosha. Pia tafadhali acheni kuandika kwamba Kakuma ni Kiswahili maana yake "pasipo mahali". Nimeikuta hiyo sentensi kila mahali. Nyinyi mnaosoma hapa mnajua Kiswahili, niambieni ni Kiswahili cha wapi. Ni mgeni mmoja aliandika, wa pili akanakili, hakuna aliyemuuliza hata dereva wa boda.

Lakini Kakuma pia kuna mfano ninaoupenda. Mwaka 2008 wakimbizi, baadhi yao waliokuwa waandishi wa habari makwao, walianzisha gazeti lao la KANERE, na kati ya waliowasaidia kulianzisha alikuwa mtafiti kijana kutoka Marekani. Mtafiti alirudi kwao. Gazeti lilibaki mikononi mwa wakimbizi, na likawa linaandika hata mambo ambayo mashirika yenyewe hayakupenda kuyasoma. Waandishi walikuwepo kabla mgeni hajafika.

Haya, sasa mtaniuliza, wewe unayeongea sana, umewahi kusafiri? Nimewahi. Na nilifanya yale yale.

Pasipoti sina. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu 2024, na ukikataliwa hairudi, wakati mgeni wa kuja kwetu anajaza fomu kwenye intaneti, analipa dola 30, anapanda ndege. Lakini kwa kitambulisho cha Kenya unaingia Uganda, na Uganda kwangu ni Moroto. Unatoka Lodwar, unapita Lorugum, unafika Lokiriama mpakani, ambapo Waturkana na Wamatheniko walizika silaha Desemba 1973 na bado watu hukutana kila mwaka kukumbuka. Lugha zetu ni ndugu. Nilikuwa nimetoka nchi yangu na bado naelewa matusi.

Mama yangu hakutaka niende. Aprili 2023 mahakama ya kijeshi hapo hapo Moroto iliwafunga Waturkana 32 miaka 20 kila mmoja kwa kupatikana na bunduki, na tangu hapo jina la Moroto nyumbani kwetu si jina la kuchezea. Nikamwambia mimi nabeba simu. Akasema hata wao walibeba walichokuwa wanabeba nyumbani.

Nilikuwa nimepanga kufundisha vijana wa huko kutengeneza video, bure, wiki mbili. Kujitolea, mnaona. Nikapelekwa kwa kikundi cha vijana wenye kibanda cha kunyoa na kuchaji simu. Ukutani kulikuwa na vyeti vitatu vimetundikwa vizuri kabisa kwenye fremu, vyote vya mafunzo ya kupiga picha, vya miaka tofauti, vya wageni tofauti. Nikauliza kamera ziko wapi. "Ziliondoka na wenyewe." Halafu mmoja wao, akiendelea kumnyoa mteja, akaniuliza kwa upole, "Na wewe cheti chako kina rangi gani?"

Nilitaka kurudi Lodwar usiku huo.

Badala yake walinipeleka kwa mifugo ya baba ya mmoja wao. Hapo ndipo walipogundua kwamba mimi Mturkana siwezi kusoma masikio ya mbuzi. Kila ukoo unakata sikio kwa namna yake, na mtoto wa miaka saba anaangalia kundi zima anakwambia yule ni wa nani. Mimi ni mtoto wa ziwani, na kwa wafugaji mvuvi ni mtu aliyeishiwa. Walicheka hadi mteja mwingine akafunga kibanda aje aone. Nilikaa siku kumi na moja nikifundishwa masikio, nikifundishwa kumshika mbuzi wa sindano, nikakanyagwa. Baba ya yule kijana alikuwa mwalimu wangu. Karo ilikuwa sukari kilo mbili na tumbaku kila baada ya siku mbili, nayo aliitaja yeye mwenyewe siku ya kwanza, bila mkalimani kulainisha.

Video nilizopiga huko hazijafika popote. Nyingine nimeambiwa nisiziweke, kwa sababu masikio ya mifugo ni siri ya mwenye mifugo, na huku wizi haujaisha. Nimeziacha. Kwa mtu anayekula kwa kutazamwa, hiyo ndiyo karo niliyoisikia zaidi.

Lakini yule kinyozi alivuka kuja kwetu Desemba. Alikaa Longech siku tisa. Aliogopa mashua kama mtoto, akatapika, nikamcheka nikalipiza masikio yote. Alipasua samaki kwa yule mama na akalipa, ingawa alibishana bei, na mama akampunguzia hadi mia tatu kwa sababu ati huyu anajua kushika kisu.

Kwa hivyo nyinyi mlioniandikia, nimeongea na mama kabla ya kuandika hii, kwa sababu ni jina lake ndilo halimo lakini ni siku zake ndizo nazitangaza. Anakubali mtu mmoja kwa wakati, si kikundi. Si mwezi wa upepo mkali. Mkalimani analipwa kando, na mkalimani ni mimi au binti yake, ambaye ni mzuri kuniliko na hanyamazi akiona kitu kinachomwa. Mia tano ilikuwa ya zamani, chumvi imepanda. Sasa ni mia saba, na uje na kisu chako.